PETROLI YA MSIMU ULIOPITA SI DENI LA MFANYA KAZI



Kila mwaka, masika yakisha kupita na wageni wakianza kurudi katika hoteli za Bamburi na Shanzu, shauri moja hutufikia kutoka kwa wenzetu wanaokaa Mtopanga. Mtu ameitwa arudi kazini. Amefungua stoo, ametoa injini ya boti, au pampu ya kisima, au mashini ya kukata nyasi. Amevuta kamba mara ishirini, jasho limemtoka, na injini haikuitika. Fundi aletwa kutoka mjini, afungua, atazama, alipwa, aenda zake. Karani naye aandika katika buku lake kwamba mashini imeharibika mikononi mwa fulani. Mwisho wa mwezi mshahara wa fulani umepungua, naye hajui kosa lake ni lipi.

Sisi twasema kwamba mara nyingi hana kosa. Injini ile haikuvunjwa na mtu. Iliharibiwa na petroli iliyoachwa ndani yake tangu mwezi wa Aprili, na petroli hiyo iliachwa kwa sababu siku ya kufunga kazi hakuna aliyeambiwa aitoe, hakuna aliyepewa saa ya kuitoa, wala chombo cha kuitilia. Kufunga injini ni kazi kama kazi nyingine. Ina muda wake, ina vifaa vyake, na ina malipo yake. Tajiri asiyetaka kulipa saa moja ya kufunga asimtafute mfanya kazi amlipie fundi.

Lakini haitoshi kusema hivyo na kupiga meza. Tukiingia ofisini lazima tujue tunalolisema, maana kule ndani kutakuwa na mtu atakayetuuliza: petroli inaharibikaje, na hali petroli si maziwa? Basi tuanze hapo.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine mepesi sana na mengine mazito. Yale mepesi ndiyo yanayoshika moto upesi injini ikiwa baridi, na hayo hayo ndiyo yanayoruka kwanza. Kifuniko cha tangi la mashini ndogo kina tundu la kupumulia. Iweke mashini hiyo katika stoo ya mabati hapa kwetu, jua la mchana liichome, na mafuta mepesi yatatoka kidogo kidogo kila siku. Yanayobaki ndani bado yaitwa petroli, lakini hayana tena ile haraka ya kuwaka.

Kisha kuna hewa. Petroli ikikaa na hewa muda mrefu hugeuka. Rangi yake huiva ikawa kama chai ya mkandaa, harufu yake kali hupotea, na badala yake hunuka kama vanishi ya fundi seremala. Hapo imekwisha kutoa ulimbo. Watengenezaji wa injini ndogo huandika katika vitabu vyao kwamba petroli isiyotiwa dawa ya kuitunza huanza kuchakaa baada ya siku 30. Joto huongeza mwendo huo, na waliochapa vitabu hivyo sidhani walikuwa na stoo za Kisauni mbele ya macho yao.

Ulimbo huo waenda wapi? Waenda kwenye kabureta. Chini ya kabureta mna kikombe kidogo kinachobaki na petroli hata ukifunga koki, na ndani yake mna jeti, yaani kipande cha shaba chenye tundu jembamba lisilofika upana wa milimita moja. Petroli yote ya injini hupitia hapo. Petroli ya kikombe ikikauka, huacha utando wa kunata juu ya jeti na juu ya sindano inayofungua na kufunga njia ya mafuta. Huhitaji uchafu wa kujaza kijiko. Utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu watosha kuziba. Mwenzangu, ukiona injini yawaka kwa choki tu na ukirudisha choki yazimika, usinunue plagi tatu. Dalili hiyo ni ya jeti iliyoziba.

La tatu ni maji, na hapa watu wengi hubisha. Husema, "Mimi sikutia maji." Kweli hukutia. Lakini hewa ya pwani imejaa maji. Tangi lililo nusu lina nafasi ya hewa juu yake. Mchana hewa hiyo hupata moto ikatoka, usiku hupoa ikavuta nyingine kutoka nje, nayo huja na unyevu ulio ndani yake. Unyevu hugeuka matone kwenye kuta za tangi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, uzito wake ni kama robo tatu tu ya uzito wa maji, kwa hivyo matone huzama mpaka chini kabisa, na chini ndiko njia ya kwenda kwenye kabureta ilipo. Tangi likiwa la chuma, kutu nayo hupata pahali pa kukaa.

Injini zile zinazochanganywa oili ndani ya petroli, kama nyingi za boti ndogo na misumeno ya kukatia miti, zina taabu zaidi. Petroli huruka, oili hubaki. Ukifungua kikombe baada ya miezi minne waweza kukuta uji mweusi.

Haya si mambo mageni kwa watu wa pwani. Wazee wetu hawakuwa na petroli, lakini kufunga chombo walikujua vizuri kuliko matajiri wa leo. Kusi ikikaza na bahari ikawa haiendeki, jahazi halikuachwa mchangani lilivyo. Lilipandishwa, likapigwa kalafati kwa pamba, mbao zikapakwa sifa, na tumbo la chini likapakwa deheni ya chokaa na mafuta. Kazi hiyo ilikuwa na watu wake na siku zake. Sijasikia nahodha aliyewaambia mabaharia wake, "Shukeni mwende zenu, tutaonana kaskazini," kisha akawadai ubao uliotobolewa na fukusi.

Lakini leo jambo hilo hutendeka, tena mahali penye maofisi na mahesabu. Mwaka 2020 tuliliona wazi. Korona ilitangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi huo kwisha ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa. Hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti. Hoteli nyingi za pwani zikafunga milango. Katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini niliyokuwa nikifanya kazi, tuliambiwa asubuhi kwamba jioni sote tuwe nje ya geti. Mashini sita ziliingizwa stoo siku ile ile, kila moja na petroli yake tumboni. Zilipotolewa miezi mingi baadaye ziliwaka mbili tu. Hizo mbili zilikuwa pampu za mzee mmoja wa idara ya maji ambaye ana desturi yake: hazimi pampu kwa swichi. Hufunga koki ya petroli akasimama kando mpaka pampu imalize iliyo ndani na kufa yenyewe. Hakuna aliyemwagiza. Basi hesabu ya fundi ikapigwa, na watu wa zile mashini nne wakakatwa mshahara. Hakuna aliyeuliza amri ya kutoka getini jioni ile ilitolewa na nani.

Sasa tutazame sheria, maana wengi wetu hukatwa kwa sababu hawaijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika au iliyopotea, lakini uharibifu huo uwe umetokana na mfanya kazi kuacha wajibu wake kwa kukusudia. Lishikeni neno hilo: kukusudia. Mtu aliyeamriwa kutoka kazini saa kumi na moja, ambaye hakuonyeshwa namna ya kufunga injini, wala hakupewa mtungi wa kutilia petroli, amekusudia nini? Na hata pale makato yanapokuwa halali, sheria hiyo hiyo yasema makato yote kwa pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara kwa wakati mmoja. Theluthi mbili hiyo ni ukomo. Si bei ya kabureta, kama karani mmoja alivyopenda kutueleza.

Kadhalika kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la kazi au kwa kutofanya kazi vizuri, lazima amweleze sababu katika lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama chake pale pale. Basi usiende peke yako. Tena usiweke sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hukuielewa kwa sababu tu kalamu imewekwa mbele yako. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanya kazi maelezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wafanye kazi kwa usalama. Kutoa petroli katika tangi ni kazi ya hatari. Mafunzo yake ni juu ya tajiri.

Upande wetu nao una neno. Mtu aliyefunzwa, akapewa saa yake, akapewa mtungi na bisibisi, kisha akasukuma mashini stoo na petroli yake kwa sababu matatu ya mwisho yamngoja barabarani, huyo asitutarajie tuseme mengi. Chama hakiwezi kudai saa ya kufunga huku wanachama wake hawafungi.

Basi injini hufungwaje? Kwanza, kazi huanza wiki moja kabla. Ukijua kwamba boti au mashini ya nyasi itapumzika kuanzia tarehe fulani, usiijaze tangi. Itumie iliyomo. Siku yenyewe itoe mashini nje penye hewa, ikiwa imepoa, mbali na jiko, sigara na swichi za umeme. Petroli iliyobaki katika tangi itoe kwa kufungua mpira wa koki na kuiacha ishuke yenyewe katika mtungi safi wenye kifuniko. Rudisha mpira. Kisha washa injini iimalize ile iliyobaki katika njia. Itatetemeka, itakohoa, itazimika. Vuta choki, iwashe tena, maana huwa imebakiza kidogo. Ikikataa kabisa, mwaga oili ya zamani ingali na moto, kwa sababu ikiwa moto hutoka pamoja na uchafu wake, na utie mpya. Iache injini ipoe, halafu fungua msumari ulio chini ya kikombe cha kabureta. Matone machache yatatoka. Hayo machache ndiyo yangekuletea karani mwezi wa Julai.

Halafu toa plagi. Tia kijiko kimoja cha oili safi katika tundu lake, vuta kamba polepole mara tatu nne ili oili ienee, rudisha plagi. Mwisho vuta kamba taratibu mpaka uone imekuwa nzito, uiache hapo hapo. Pale penye uzito valvu zote zimefunga, na hewa ya chumvi haipati mlango wa kuingia ndani. Ifunike kwa kitambaa au gunia. Usiifunge nailoni, kwa maana nailoni hufungia jasho ndani.

Injini ya boti ina mambo yake ya ziada. Lazima isafishwe kwa maji matamu kabla ya kitu kingine chochote, iwe kwa mpira wa bomba au kwa kuitumbukiza katika pipa, na isiwashwe hata kidogo bila maji, kwa sababu pampu yake ya ndani ina mapanga ya mpira yanayoungua upesi. Maji yakiwa yanapita, chomoa mpira wa petroli uiache imalize iliyo katika kabureta. Kama ni injini ya kuchanganya oili, tia oili katika matundu ya plagi mara ikizimika, kwani oili yake huja na petroli na petroli imekwisha. Isimamishe wima mpaka maji yote yateremke. Fungua na oili ya gia kule chini uitazame: ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia, na hilo liandikwe siku ile ile na mkubwa wako alione. Injini mpya zisizo na kabureta, ambazo petroli hupulizwa kwa pampu ya umeme, zisikaushwe kwa namna hii. Hizo zina kitabu chao, na tajiri aliyeweza kuzinunua hakosi kitabu.

Wako mafundi wenye heshima zao wasemao tangi lisikaushwe bali lijazwe pomoni, ili pasiwe na nafasi ya hewa wala kutu. Neno lao lina ukweli nusu. Tangi lililojaa halipati matone, lakini petroli iliyomo bado ina siku zake, na kuijaza tangi petroli isiyotiwa dawa ni kuweka ulimbo mwingi zaidi akiba. Njia hiyo yafaa ikiwa petroli ni mpya, imetiwa dawa ya kuitunza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na injini imewashwa dakika chache baada ya hapo ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Dawa hiyo haifufui petroli iliyokwisha kuoza. Na je, ni nani hapa kwetu amewahi kuletewa chupa hiyo kazini? Mpaka itakapoletwa, mimi nasema tangi likaushwe.

Jenereta ya dharura ni shauri jingine. Hiyo haifungwi, kwa sababu umeme hauagi ukikatika. Iwashwe angalau mara moja kila mwezi, nje, ikiwa imebeba taa au friji ili ifanye kazi kweli, halafu izimwe kwa koki. Narudia neno la nje. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyeiwasha katika chumba kilichofungwa huenda asipate nafasi ya kuizima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lanikera kuliko mshahara. Ni kunyonya petroli kwa mdomo. Kila mtu aliyefanya kazi za mashini amewaona vijana wakitia mpira katika tangi, wakavuta kwa mdomo mpaka petroli ifike ulimini, wakatema na kucheka. Si mchezo. Petroli ikikosea njia ikaingia kifuani, hata kiasi kidogo, huunguza mapafu, na mtu huanza kukohoa na kukosa pumzi saa chache baadaye, wakati mwingine akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Mtu aliyemeza petroli asitapishwe wala asipewe maziwa ili atapike, kwa sababu ikirudi juu ndipo inapopata njia ya kwenda kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta si kitu cha anasa. Mahali pa kazi pasipokuwa na pampu hiyo, mjumbe aiandike ya kwanza katika orodha ya madai, kabla hata ya buti.

Jingine ni moshi wa petroli, ule usioonekana. Ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hauruki juu. Hutambaa chini sakafuni kama maji mpaka ukute moto. Ndiyo maana petroli haitolewi ndani ya stoo hata kama mlango uko wazi. Nchi hii haina haja ya kufundishwa tena kwamba petroli si maji: tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 100. Wala isitiwe katika chupa za soda. Nyumba zetu za Mtopanga zina watoto, na mtoto hajui kusoma chupa, ajua kuinywa.

Mtu ataniuliza, hiyo niliyoitoa niipeleke wapi? Ikiwa ni ya juzi, ni safi na harufu yake ingali kali, itumike mara moja, au ichanganywe kidogo kidogo katika gari la kazini ambalo tangi lake limejaa petroli mpya. Ikiwa imegeuka rangi, isitiwe katika injini yoyote, tena isimwagwe nyuma ya stoo. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye vitundu, na linalomwagwa juu hushuka. Maji ya mfereji yakikatika, na yakatika mara nyingi, watu wa Kisauni hunywa na kupikia maji ya visima. Petroli ya hoteli ikimwagwa juu ya mwamba huo, atakayeinusa kwenye ndoo yake si mgeni wa hoteli. Petroli mbovu iwekwe katika mtungi ulioandikwa, na tajiri atafute mchukuzi wa taka za mafuta amlipe.

Kwa hayo yote, maoni yangu ni kwamba wakati wa kuyatazama upya mapatano yetu na matajiri, kufunga mashini kuingizwe kwa jina lake. Saa moja ya malipo kwa kila injini ndogo kabla ya watu kuruhusiwa kwenda nyumbani, na kwa injini ya boti saa mbili, maana ile ya kusafisha kwa maji haiharakishwi. Mtungi, pampu ya mkono, oili na plagi vitoke stoo ya tajiri. Mafunzo yafanywe kwa Kiswahili, mbele ya mashini yenyewe. Na pasiwe na makato yoyote kwa injini isiyowaka mpaka kabureta ifunguliwe mbele ya mjumbe wa chama, aone kwa macho yake kama ni chuma kilichovunjwa au ni ulimbo. Matajiri watasema saa hizo ni gharama. Sawa, ni gharama. Basi wachukue karatasi za fundi za miaka mitatu waziweke mezani karibu na hesabu ya hizo saa, tuone ipi ni kubwa.

Watakaokataliwa wasikae kimya mwezi mzima wakingoja huruma. Mtu aliyekatwa alete karatasi yake ya mshahara kwa mjumbe upesi, na ikiwa mwajiri hasikii, shauri lipelekwe kwa Afisa wa Kazi.

Lakini hata kabla ya mapatano kuandikwa, liko jambo moja tunaloweza kuanza nalo wenyewe, msimu huu huu, bila kumngoja mtu. Ni kadi. Kipande cha karatasi ngumu chatosha. Kiandikwe mashini ni ipi na namba yake, tarehe iliyofungwa, petroli ilitolewa au iliachwa, ikiwa iliachwa ni kwa amri ya nani, na majina ya mtu aliyefunga na mtu aliyeshuhudia. Msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na saa aliyokataa. Ziwe mbili. Moja ifungwe kwa waya kwenye mkono wa mashini. Ya pili usiiache ofisini, kwa sababu karatasi za ofisini zina miguu. Ende nayo mwenyewe Mtopanga, uiweke pale unapoweka karatasi zako za mshahara.